Programu moja ya kila kitu au vidude vidogo vidogo? Tulinganishe

Kalamu_Nyeupe
Habari zenu wakuu. Laptopu yangu ni ya Windows 11, RAM GB 8, SSD ya GB 256 iliyobakiwa na GB 9 tu. Kuwaka inachukua muda, na nikitafuta faili kwenye Explorer inazunguka mpaka nasahau nilikuwa natafuta nini. Nataka kuipanga upya, ila nimekwama kwenye njia tatu. Ya kwanza, nichukue programu moja kubwa ya matunzo kama CCleaner imalize kila kitu. Ya pili, nikusanye vidude vidogo, kila kimoja na kazi yake. Ya tatu, niridhike na vilivyomo ndani ya Windows yenyewe. Mliopita zaidi ya njia moja naomba mfunguke. "Tumia hii ndiyo kiboko" bila sababu sitaki.

Fundi_wa_Usiku
Mkuu, mimi ni wa vidude, na sababu zipo. Kabla ya kusafisha chochote ujue kwanza uchafu uko wapi. Pakua WizTree, iendeshe kama msimamizi, chagua diski C. Itakuchorea ramani ya vibandiko vya rangi, kila kibandiko ni faili au folda, na ukubwa wa kibandiko ni ukubwa wa kilichomo. Haraka yake inatokana na kwamba haipiti folda moja baada ya nyingine. Inasoma moja kwa moja ile MFT, yaani daftari ambalo NTFS, mfumo ambao Windows hutumia kupanga mafaili, huandika kila faili lililomo kwenye diski. WinDirStat inachora ramani ya aina hiyohiyo na ina msimbo huria (yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha). Nimeitumia miaka, ila ile niliyozoea ilikuwa unaiwasha kisha unakwenda kuoga.

Kwenye kutafuta, weka Everything ya voidtools. Nayo inategemea daftari lilelile la NTFS. Unaandika herufi tatu na orodha inajipunguza huku bado unaandika. Angalizo: kwa kawaida inatafuta majina ya mafaili, si maneno yaliyomo ndani yake. Ukikumbuka tu kwamba kuna barua uliandika neno "mkataba" lakini jina la faili umelisahau, hapo rudi kwa utafutaji wa Windows.

Mzee_wa_Kibodi
Vijana mnapenda kusakinisha. Unalalamika nafasi imejaa, dawa unayopewa ni kuongeza programu tano!

Kalamu, fungua Settings, nenda System, kisha Storage. Utaona mgawanyo wote: programu, mafaili ya muda, picha, pipa la taka. Washa Storage Sense, itakuwa inafuta mafaili ya muda yenyewe. Ya kuwaka taratibu, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia sehemu ya Startup apps, zima zinazojiwasha bila kuitwa. Hujapakua kitu. Ya kunakili, bonyeza Windows+V, historia ya ulivyonakili ipo tangu Windows 10 ya mwaka 2018. Watu wengi wanatafuta programu ya kazi ambayo tayari wameikalia.

Bi_Folda
Nakubaliana na Mzee nusu. Nieleze yaliyonikuta kwenye njia ya kwanza. Niliwahi kuweka programu moja ya usafi, jina nalihifadhi, yenye kitufe kikubwa cha "rekebisha yote". Ikaniambia rejistri, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows na programu zake, ina makosa zaidi ya 800. Nikashtuka, nikabonyeza. Ikapiga tarumbeta ya pongezi. Kesho yake printa haikuonekana, na programu yangu ya uhasibu ikawa inadai kusakinishwa upya kila nikiifungua. Sikuwa nimeweka nakala ya rejistri, kwa hiyo jioni nzima iliishia hapo.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba yale "makosa" mengi yalikuwa mabaki tu, mistari inayoelekeza kwenye programu iliyokwisha ondolewa. Hayali nafasi ya maana wala hayapunguzi kasi. Microsoft wenyewe wametamka kwamba hawaungi mkono programu za kusafisha rejistri. Kufuta kashe na mafaili ya muda sina neno. Rejistri niachieni.

Punje_ya_Data
Tusisahau pia mwaka 2017. CCleaner toleo 5.33 liliingiziwa msimbo hasidi hukohuko kiwandani, likasambazwa kwa njia halali kabisa, na kompyuta kama milioni 2.27 zikalipata. Yaani mtu alipakua kutoka mahali sahihi, lenye sahihi ya kidijitali ya kweli, na bado.

Fundi_wa_Usiku
Haki itendeke. Lilirekebishwa mwezi uleule lilipogunduliwa, na janga la namna ile linaweza kumpata mtengenezaji yeyote, hata wa hivi vidude ninavyovitetea. Hoja yangu dhidi ya programu za kila kitu si hiyo. Hoja ni kwamba zinataka kuwaka muda wote, zinajiweka kwenye orodha ya kuanza na kompyuta, halafu zinakuuliza mbona kompyuta yako nzito. WizTree ukimaliza unaifunga na hadithi imeisha.

Anayetaka kisafishaji na hataki ngoma za matangazo, BleachBit ipo. Msimbo huria, Windows na Linux. Lakini usiweke tiki kila kiboksi! Kile cha kupangusa nafasi tupu kinaandika juu ya nafasi yote iliyo wazi kwenye diski. Kwenye SSD ni kuichosha bure.

Njiwa_Mbele
Na za kukunja mafaili je? Nimezoea WinRAR tangu nianze kushika kompyuta.

Bi_Folda
7-Zip, funga mjadala. Bure kabisa, ndogo, inafungua karibu kila kitu.

Punje_ya_Data
Mjadala haufungiki hivyo Bi. 7-Zip inafungua RAR, yaani mafaili yanayokunjwa na WinRAR, lakini haitengenezi RAR. Na RAR ina kitu kimoja ambacho 7z, aina ya 7-Zip yenyewe, haina: rekodi ya uokoaji. Unaongeza asilimia kidogo ya ukubwa, na faili likiharibika sehemu, WinRAR inaweza kuliponya. Kwa ninayehifadhi picha za familia kwenye diski za zamani, hilo si pambo. Leseni ya WinRAR inasema majaribio ni siku 40, baada ya hapo inakukumbusha tu ulipie. Kila mtu anajua yaliyobaki.

Kinachonikera kwa zote mbili ni kwamba hazijisasishi zenyewe. Mwaka 2023 WinRAR ilikuwa na tundu lililokuwa likitumiwa na wahalifu. Toleo 6.23 likaliziba, lakini aliyeweka toleo la zamani na kulisahau alibaki na tundu lake. Njiwa, fungua yako sasa hivi, Help, About, utuambie ni toleo gani.

Njiwa_Mbele
5.40. Msinicheke.

Mzee_wa_Kibodi
Hatucheki, tunalia. Kama ni kufungua tu, Windows 11 siku hizi inafungua RAR na 7z yenyewe. Faili likiwa zito utasubiri kidogo, lakini linafunguka.

Kalamu_Nyeupe
Asanteni wakuu, nimeanza kupata mwanga. Swali la pembeni: huyu PowerToys anayetajwa kila mahali ni kundi gani? Kubwa au kidude?

Fundi_wa_Usiku
Ni mfuko wa vidude. Jina ni la enzi za Windows 95, Microsoft wakalifufua 2019 kama mradi wa msimbo huria. Ukikisakinisha usikubali kila kitu kiwake. Ingia ndani uzime vyote, kisha uwashe unavyotumia. Mimi nimebakiza vinne. FancyZones inagawa skrini kwa vipande ninavyotaka. PowerRename inabadilisha majina ya picha mia kwa mpigo. File Locksmith inakuonyesha ni programu gani imelishikilia faili pale Windows inapogoma kulifuta. Cha nne ni Text Extractor: Windows+Shift+T, unaburuta mstatili juu ya picha, maandishi yanaingia kwenye ubao wa kunakili. Kwangu kinasoma Kiswahili vizuri hata kwa pakiti ya lugha ya Kiingereza, maana herufi ni zilezile. Kinakosea kosea kwenye "ng'", basi.

Mwandishi_Kimya
Nimekuwa nasoma tu, ila hapa kwenye kunakili niseme. Windows+V aliyoitaja Mzee inashika vipande 25 tu, na ukizima na kuwasha kompyuta vinapotea, isipokuwa ulivyovibana kwa pini. Kwa kazi yangu ya tafsiri haitoshi. Natumia Ditto. Inaweka kila nilichonakili kwenye hifadhidata, na naweza kutafuta sentensi niliyoinakili wiki tatu zilizopita. Siku umeme ulipokatika nikiwa sijahifadhi, aya nne nilizipata humo.

Punje_ya_Data
Na nywila zako nazo umezipata humohumo?

Mwandishi_Kimya
Hilo nililigundua kwa aibu. Niliandika herufi mbili za kutafutia, ikaja nywila ya barua pepe imekaa wazi katikati ya orodha. Ditto ina sehemu ya kutaja programu ambazo isinakili kutoka kwake, nikaingiza kitunza nywila changu. Anayeiweka afanye hivyo siku ya kwanza, asisubiri kama mimi.

Mzee_wa_Kibodi
Haya, nami nikubali kitu kimoja cha nje. Autoruns. Ile orodha ya Startup apps inaonyesha juujuu. Autoruns inaonyesha huduma, kazi zilizopangwa, viongezi vya menyu ya kipanya, yote yanayojiwasha. Ni ya Sysinternals, ambao Microsoft waliwanunua 2006, kwa hiyo kwangu bado ni mambo ya nyumbani. Na haisakinishwi, unaifungua tu. Masharti mawili: ficha kwanza vya Microsoft ili usiguse usichokijua, na ondoa tiki badala ya kufuta. Ukiondoa tiki na mambo yakaharibika, unairudisha. Ukifuta, utakuja hapa kuomba msaada.

Njiwa_Mbele
Sisi wa Linux tunapita njia hii pia?

Fundi_wa_Usiku
FSearch badala ya Everything, ncdu kwenye teminali badala ya WizTree. Mengine mnayo.

Kalamu_Nyeupe
Wakuu nimerudi na majibu. Nilianza na njia ya Mzee. Storage Sense na mafaili ya muda vilinipa GB 6. Si haba, lakini ile sehemu ya "Other" ilikuwa kubwa na haikunieleza kitu kilichoeleweka.

Nikafungua WizTree. Sekunde chache tu, na hapo kuna kibandiko kimoja kikubwa kuliko vyote. Nikakibofya: ni folda ya muda ya programu ya kuhariri video niliyoiondoa mwaka jana! GB 47. Programu ilishaondoka, makapi yake yakabaki yamejificha ndani ya AppData, folda ambamo programu huweka data zake. Hiyo nimeifuta kwa mkono baada ya kuikagua mara mbili. Nikaona pia hiberfil.sys ya GB 3.2, sijaigusa.

Autoruns imenionyesha visasishaji vitatu vya programu ambazo sinazo tena. Tiki nimetoa, kompyuta inawaka vizuri kidogo, si ajabu kubwa. Everything nimeiweka na haitoki. Njia ya kwanza nimeachana nayo kwa sasa, kile kisa cha printa kimeniogofya.

Bi_Folda
hiberfil.sys ni ya kulaza kompyuta usingizi mzito, na ile Fast Startup (ya kuwasha kompyuta haraka) nayo inaitegemea. Ukiwa huitumii kabisa, fungua Terminal kama msimamizi uandike powercfg /h off, itaondoka yenyewe. Usiifute kwa mkono. Ila kwa GB 50 ulizookoa, iache tu.

Njiwa_Mbele
Mimi nimeshasasisha WinRAR. Hiyo WizTree nimeiwasha kwenye flashi ya exFAT, mbona inajikokota?

Fundi_wa_Usiku
Flashi ya exFAT haina daftari la NTFS la kusoma, kwa hiyo inalazimika kupita folda kwa folda kama wenzake. Iache imalize, we nenda kaoge.