Je, mifupa ya kale isiyo na alama za maradhi ni ya watu waliokuwa na afya njema?

Muulizaji: Habari zenu, wadau. Nimesoma ripoti inayolinganisha makaburi ya kale ya maeneo mawili. Katika eneo moja mifupa mingi ina alama za maradhi, ilhali katika la pili karibu yote ni safi, na mwandishi anahitimisha kuwa watu wa eneo la pili walikuwa na afya bora. Je, hitimisho hilo linakubalika?

Jibu la 1: Si lazima. Maradhi mengi hayafiki kabisa kwenye mfupa, na yale yanayofika, kama kifua kikuu cha uti wa mgongo au ukoma unaokula vidole na mifupa ya pua, huchukua muda mrefu kuacha alama. Aliyeuawa na tauni ndani ya siku chache huzikwa na mifupa safi, ilhali aliyeugua na kuhimili miaka mingi ndiye anayeonekana dhaifu mbele ya mtaalamu. Mwanaanthropolojia James Wood na wenzake walilieleza tatizo hili mwaka 1992, na kwa maoni yangu ripoti inayohesabu makovu bila kuligusa haijamaliza kazi yake.

Jibu la 2: Naafiki, ila meno yanaweza kusaidia. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikishaumbika haijijengi upya kama mfupa, hivyo njaa au ugonjwa mkali wa utotoni huacha mfuo mwembamba unaokata jino kwa upana, na pengine ukipitisha ukucha utausikia. Ukiukuta kwenye jino la mtu mzima, basi huyo alipatwa na shida akiwa mdogo na akapona. Strontiamu, elementi ya miamba inayoingia mwilini kupitia chakula na maji, iliyomo katika enameli hiyohiyo hudokeza alikulia kwenye miamba ya aina gani, wakati kaboni na nitrojeni za mfupa wa paja huonyesha chakula cha miaka yake ya utu uzima.

Muulizaji: Nashukuru sana. Ripoti inasema pia kwamba wazee hawakuwapo kabisa.

Jibu la 1: Hapo nawe uwe na shaka. Umri wa mtoto husomwa vizuri kwa uotaji wa meno, lakini wa mtu mzima hukadiriwa kwa uchakavu wa viungo vya nyonga, na baada ya miaka 50 hivi makadirio hayo hufifia, kiasi kwamba mtu wa miaka 75 anaweza kuandikwa tu kuwa “zaidi ya 50”. Angalia pia idadi ya watoto wachanga, kwa kuwa mifupa yao huoza upesi katika udongo wenye asidi.