Nguvu za kiume baada ya upasuaji wa tezi dume

Muulizaji, Moshi: Shikamooni wakubwa. Nina miaka 61, na miezi 5 iliyopita niliondolewa tezi dume kwa sababu ya saratani. Mkojo sasa naumudu, lakini uume hausimami, na rafiki yangu wa soko la Mbuyuni ananihimiza ninywe unga wa mizizi aliouleta umefungwa kwenye gazeti. Je, nguvu hurudi?

Mstaafu: Marahaba, mdogo wangu. Neva zinazosimamisha uume hupita ubavuni mwa tezi dume, na hata daktari akizinusuru huweza kuchukua hadi miaka 2 kupata nafuu. Mimi vidonge vya sildenafil, vile vya kusaidia uume kusimama, vilinisaidia kidogo tu. Pampu ya kuvuta hewa, inayovishwa uumeni ili damu iingie, ambayo mke wangu aliicheka siku ya kwanza, ndiyo iliyotufaa.

Muuguzi, Arusha: Shikamoo, mzee. Usimeze sildenafil ikiwa unatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kwani shinikizo la damu huweza kushuka kwa hatari. Neva zikiwa zimekatwa, vidonge kwa kawaida havisaidii, na hapo daktari huweza kukufundisha kujichoma sindano ya alprostadili ubavuni mwa uume. Unga huo uache, maana hujui kilichochanganywa humo.

Muulizaji: Nashukuru. Kliniki ni Jumanne. Nitakwenda na mama watoto.