Gitaa la umeme la Eko la mtumba, nichukue?

Wakuu, kuna jamaa huku Kilombero Arusha ana gitaa la Eko la Italia, anasema la miaka ya 60, anataka laki nne. Nikague nini?

— Shingo kwanza mkuu. Bana uzi mnene freti (vile vyuma vya kukingama shingoni) ya kwanza na ya mwisho, chungulia katikati, nafasi kati ya uzi na freti ikiwa nyembamba kama karatasi poa, ikiwa pana shingo imepinda, afu piga kila freti usikie kama inakwaruza.

— Nenda na kebo na ampu yako (kikuza sauti). Volyumu ikikwaruza mara nyingi ni vumbi tu, ila pikapu (kile kinasa sauti chini ya nyuzi) ikiwa kimya shusha bei.

— Eko walianzia kwenye akodiani (vinanda vya mkono vya kuvuta na kusukuma), ndo maana mengine ya zamani yana plastiki ya kumetameta na vitufe kibao, bonyeza kimoja kimoja. Nayapenda sana hayo, usiliache kirahisi!