Uigaji wa seli ya TN kwa Python: mbona nuru ya pembeni inatoka sawa pande zote mbili?

safu_mia
Habari wakuu. Naiga seli ya TN (twisted nematic, aina ya skrini za LCD) yenye msokoto wa nyuzi 90 kwa matriksi za Jones (za 2×2, zinazofuata polaraizesheni ya nuru tabaka kwa tabaka). Fuwele kimiminika ni 5CB (fahirisi za mpindo: n_o 1.53, na n_e 1.71 kwa nuru inayotetema sambamba na molekuli), unene mikromita 5, matabaka 100, nuru ya nm 550. Nuru ikiingia wima bila volti, kati ya polaraiza zilizokingamana napata 0.947. Kisha naweka volti: direkta (mwelekeo wa wastani wa molekuli) ya katikati inainuka nyuzi 45, na nuru nailaza nyuzi 40 kutoka wima. Unene nimeugeuza kuwa d/cos 40°. Majibu ya upande wa 45° na wa 225° yanalingana hadi desimali ya mwisho, ilhali skrini ya TN ukiitazama kutoka juu si sawa na kutoka chini. Nimekosea wapi?

mhimili_z
Hiyo 0.947 ni sahihi. Ihakiki kwa fomula ya Gooch na Tarry: u = 2dΔn/λ = 3.27 (d ni unene, λ urefu wa wimbi, Δn = n_e − n_o), na kinachovuja polaraiza zikiwa sambamba ni sin²(½π√(1+u²))/(1+u²) = 0.053. Lakini usiliamini sana jaribio la nyuzi 90. Ukizidisha matabaka kinyumenyume, bado litakupa jibu lilelile, kwa sababu |M_xy| na |M_yx| za matriksi M ya seli nzima isiyopoteza nuru ni sawa. Rudia kwa msokoto wa nyuzi 60, polaraiza ya kwanza ikifuata direkta ya kuingilia na ya pili ikifuata direkta ya kutokea (zisikingamane). Hapo mpangilio mbovu utajitokeza.

Kosa lenyewe: Δn yako inafuata mwinuko wa direkta tu, haijui nuru inatoka wapi. Inayotakiwa ni pembe ψ kati ya direkta na nuru *ikiwa ndani ya fuwele*. Anza na sheria ya Snell ya kupinda kwa nuru: sin 40°/1.6 (1.6 ni fahirisi ya wastani) inatoa nyuzi 23.7, kwa hiyo hata cos 40° yako haifai. Halafu cos ψ = n·k (n ni vekta ya direkta, k ya mwelekeo wa nuru, zote za urefu 1), na

1/n_eff² = cos²ψ/n_o² + sin²ψ/n_e²

Litazame tabaka la katikati, ambalo direkta yake inaelekea 45°. Nuru ya upande mmoja inakutana nayo kwa ψ = 21.3°, n_eff ni 1.551, tofauti na n_o ni 0.02 tu. Ya upande wa pili ψ = 68.7°, n_eff 1.683, tofauti 0.15. Tabaka ni lilelile, nuru ni ileile, lakini fezi inapishana zaidi ya mara saba.

berreman4x4
Naongezea, maana ψ peke yake haitoshi. Pembe ya kuzungushia matriksi nayo si φ (pembe ya msokoto) ya direkta tena: ni pembe ya kivuli cha direkta kwenye bapa lililo wima kwa k. Vilevile 45° na 225° ziko kwenye ulalo wa polaraiza, mahali ambapo polaraiza zilizokingamana zenyewe huvuja zaidi nuru ikilala. Mihimili yake nayo lazima ipigiwe kivuli.

Jones pia haijui kuakisiwa. Kwenye hewa na kioo cha 1.5, kwa nyuzi 40, s (nuru inayotetema wima kwa bapa la mwanga unaoingia na kuakisiwa) inarudishwa 7.7% na p (inayotetema ndani ya bapa hilo) 1.4%. Kwa namba za uhakika hamia kwa mbinu ya matriksi za 4×4 ya Berreman (1972): vekta (Ex, Hy, Ey, −Hx), kila tabaka exp(ik₀hΔ), ambapo k₀ = 2π/λ, h ni unene wa tabaka na Δ ni matriksi yake ya 4×4, na `scipy.linalg.expm` inatosha kabisa kwa matabaka 100. Mtego mkubwa uko kwenye kioo. Ukikiingiza kama tabaka la mm 0.7, grafu itajaa mawimbi yanayopishana takriban nm 0.14, ambayo taa ya kawaida haiyaonyeshi kamwe. Kichukulie kioo kuwa hakina mwisho pande zote mbili, halafu zidisha hasara ya hewa na kioo kando, s na p kila moja kwa yake.

safu_mia
Shukrani sana wakuu. Snell na ψ zimetosha kutenganisha pande mbili, sasa nashughulikia vivuli. Nikitaka ukingo wa pikseli, ambako direkta inabadilika pia kwa x, Berreman itafaa?

mhimili_z
Hapana, Berreman inadai matabaka yaliyo sawa kwa upana wote. Badiliko likitokea ndani ya mikromita moja au mbili, tumia FDTD (inayokokotoa milinganyo ya Maxwell kwenye gridi, hatua kwa hatua ya muda). Meep, programu huria ya FDTD, inapokea tensa kamili ya ε. Jenga ε = n_o²I + (n_e² − n_o²)nnᵀ. Gridi iwe walau 20 kwa kila wimbi ndani ya fuwele: 550/1.71 ni nm 322, basi hatua ya nm 16, na unene wako unakuwa seli 310 hivi.

Ukihamisha direkta kutoka programu ya elastiki (inayokokotoa direkta chini ya volti) kwenda gridi hii, usikadirie kati ya vekta. n na −n ni direkta moja. Jirani wawili wenye alama tofauti wakijumlishwa wanatoa sifuri, na unapata mstari mweusi usiokuwepo kwenye seli. Kadiria nnᵀ.