Mchungaji akisema habari za serikali mimbarini, amekosea?

Msharika: Bwana asifiwe, wapendwa. Jumapili mchungaji wetu alihubiri Amosi 5, pale pa hukumu kuteremka kama maji. Akaigusa sheria mpya ya kodi, akasema inamkamua maskini. Watu wawili wakanyanyuka wakatoka. Mimi nilibaki, ila tangu siku ile sina amani. Kanisani tuna watu wa vyama vyote. Mimbari ndiyo mahali pake?

Mlinzi wa Zamu: Si mahali pake. Yesu alimwambia Pilato ufalme wake si wa ulimwengu huu. Mtu anakuja ibadani na mzigo wake anataka neno la uzima. Habari za bungeni kazisikia wiki nzima. Na mamlaka imewekwa na Mungu, Warumi 13 iko wazi. Tuwaombee viongozi, basi.

Binti Sayuni: Nilijua Warumi 13 itafika! Sura hiyo imekuwa kichaka cha waoga. Ndiyo waliyosomewa watu wa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, mpaka wanateolojia wa huko huko wakatoa waraka wa Kairos mwaka 1985 wakasema dola inaitumia vibaya.

Mlinzi wa Zamu: Dada, umeniita mwoga. Nimefunga na kukesha kwa ajili ya viongozi miaka ishirini na zaidi. Ninyi wa haki, haki, mlikesha lini mara ya mwisho? Na Paulo, aliyeiandika sura hiyo Nero akitawala, naye mwoga?

Binti Sayuni: Maombi yangu usiyapime wewe. Hunijui.

Mwalimu wa Jumapili: Paulo hakuwa mwoga, lakini tusimsome nusu. Kule Filipi walimchapa viboko bila hukumu, asubuhi wakatuma watu kusema atoke zake kimya kimya. Akagoma. Mimi ni Mrumi, waje wenyewe wanitoe. Matendo 16, isomeni. Baadaye akakata rufani kwa Kaisari. Kutii mamlaka kwake hakukumzuia kuidai haki.

Mlinzi wa Zamu: Alidai haki yake. Hakwenda kupinga kodi.

Mkristo wa Kawaida: Mimi naogopa mwisho wa njia hii. Kuna yule mchungaji Mjerumani aliyenyongwa vita ikikaribia kwisha. Alianza na mahubiri, akaishia kwenye njama ya kumuua Hitler. Leo unahubiri kodi, kesho umeshika bomu.

Mwalimu wa Jumapili: Bonhoeffer hakushika bomu. Walimkamata Aprili 1943. Bomu lililomkosa Hitler lililipuka Julai 1944, yeye yuko gerezani. Wakamnyonga katika kambi ya mateso ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Ni kweli alikuwa pamoja na wala njama. Lakini tangu 1933 alikuwa ameandika kwamba kanisa lisiishie kuwafunga vidonda waliokanyagwa na gurudumu. Ipo siku italazimika kulizuia gurudumu lenyewe.

Mkristo wa Kawaida: Maneno mazuri. Amri inasema usiue. Ukijua watu wanapanga kuua ukanyamaza, mikono yako safi?

Binti Sayuni: Wewe ungekwenda kuwasema kwa Gestapo, polisi wa siri wa Hitler?

Mkristo wa Kawaida: Ningehama nchi. Kuhama si dhambi.

Mwalimu wa Jumapili: Alihama. Mwaka 1939 alikuwa Marekani, salama kabisa, akarudi baada ya wiki chache. Aliona hatakuwa na haki ya kulijenga upya kanisa la Ujerumani kama hakuteseka pamoja nalo.

Mkristo wa Kawaida: Kurudi namheshimu. Njama hapana, na hamtanihamisha hapo.

Shemasi: Ninyi mko na Hitler, mimi nina kibarua mmoja. Alikuja mbele kuombewa, mchungaji akamwekea mikono, mimi nimemshika bega, shati limelowa jasho. Alikuwa hajalipwa miezi mitatu. Mwajiri wake alikaa benchi la mbele, mzee mwenzetu wa kanisa, akiitikia amina kwa sauti kuliko wote. Wazee wote tulijua. Yakobo 5 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele. Sisi tukaomba kwaya iimbe. Niambieni, ile ingekuwa siasa?

Mlinzi wa Zamu: Ile ni dhambi ya mtu mmoja. Mathayo 18: umwendee mkiwa wawili tu, asiposikia uongeze mashahidi, halafu kanisa. Hapo sina ugomvi nanyi.

Binti Sayuni: Na sheria ikimruhusu kumzuilia vibarua mia? Mathayo 18 utaipeleka kwa nani? Nathani alimwambia Daudi wewe ndiwe mtu huyo, na Daudi alikuwa mfalme.

Mlinzi wa Zamu: Nathani alitumwa na Bwana. Kila mwenye hasira siku hizi anajiita Nathani. Shemasi, hebu nijibu. Yule kibarua alilipwa?

Shemasi: Nilimwendea yule mzee peke yangu, wiki mbili baadaye. Akatoa mshahara wa mwezi mmoja, akahama kanisa na fungu lake la kumi. Wenzangu wakanilaumu mimi. Kibarua naye hatujamwona tena.

Mlinzi wa Zamu: Ungekwenda siku ile ile, ndugu yangu. Kabla mtu huyo hajatoka mlangoni.

Shemasi: Ndiyo. Ningekwenda siku ile ile.