Nataka kusoma famasia, nimeanza kukariri majina ya dawa, je niko njia sahihi?

kidonge_kimoja:
Wakuu habari za muda huu, poleni na majukumu. Mimi nimemaliza sekondari nasubiri matokeo, ndoto yangu ni famasia na nina kama miezi minane kabla ya kuomba chuo. Baiolojia naipenda na yenyewe inanipenda, kemia niko wastani tu, oganiki nilipita kwa kukariri, hesabu ndo usiseme, nikiona logi (logarithimu) natafuta mlango. Sasa ili nisikae bure nimeshaanza maandalizi, kila siku nakariri dawa kumi, jina, inatibu nini na madhara yake, mpaka leo daftarini ziko 140. Je niko njia sahihi au kuna cha kusoma zaidi ya hiki? Na fizikia inahitajika kweli au wanatutisha tu? Naomba mawazo, wenye matusi pitieni kule.

dozi_kamili:
Hongera kwa moyo dogo, ila hilo daftari lifunge leo hii hii, sikutanii. Mimi mfamasia, mwaka wa tisa huu kazini. Majina ya dawa utafundishwa chuoni kwa makundi, ukilijua kundi umezijua nyingi kwa mpigo, mfano atenolol, propranolol, bisoprolol, ona zinavyoishia, zote zinatuliza mapigo ya moyo. Ukikariri moja moja sasa hivi unateka maji kwa pakacha, miezi minane ikiisha umeshasahau nusu.

Kinachowatoa watu jasho mwaka wa kwanza ni mambo ya sekondari waliyoyaruka: moli, konsentresheni, asidi na besi, na hiyo logi unayoikimbia. pH (kipimo cha asidi, ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) ndo logi yenyewe, ikishuka kutoka 7 mpaka 4 usidhani asidi imeongezeka mara tatu, imeongezeka mara 1000. Ukishaielewa hiyo ndo utaelewa kwa nini aspirini ambayo ni asidi dhaifu, ikiwa tumboni kwenye asidi kali, nyingi inabaki bila chaji na inapenya utando kirahisi.

Halafu oganiki rudi mwanzo kabisa, makundi ya kemikali kama esta, amidi, amini, alkoholi, uzijue kwa sura kama unavyowajua watu wa nyumbani kwenu. Siku ukikuta kopo la aspirini lililokaa sana sehemu yenye unyevu fungua unuse, utasikia siki. Ni ile esta iliyomo kwenye aspirini imevunjwa na maji, imetoka asidi salisiliki na asidi asetiki, na asetiki ndo siki yenyewe. Kwenye karatasi mmenyuko huo ni mstari mmoja tu, ila ukishaunusa huusahau (na hiyo dawa usimpe mtu).

mzee_wa_sapu:
Naunga mkono. Niko mwaka wa tatu, niliingia na alama nzuri tu za kemia na bado nikala sapu (mtihani wa marudio) ya mahesabu ya dawa, jina langu mnaliona. Kwenye pepa niliandika .5 mg bila sifuri mbele, lekchara akanipa zero na pembeni akaandika "umeua mgonjwa". Nikachukia kweli, baadaye nikaelewa, hiyo nukta isipoonekana vizuri mtu anasoma 5, yaani dozi mara kumi.

Fanya maswali madogo kila siku bila kalkuleta. Mtoto ana kilo 12, parasetamoli unampa mg 15 kwa kila kilo, dawa ya maji ina mg 120 kwenye ml 5, utampa ml ngapi? 15 × 12 ni 180, gawanya kwa 120 zidisha kwa 5, unapata 7.5. Andika vipimo kila hatua, mg inakatana na mg inabaki ml, ikibaki kitu kingine ujue umekosea hata kama namba imependeza. Ukifanya matano kila siku asubuhi miezi minane hutakuwa unatafuta mlango tena.

Fizikia angalia masharti ya chuo unachotaka, vinatofautiana, lakini usiitupe, presha na mtiririko wa vimiminika utakutana navyo. Na kama kuna usaili wakikuuliza kwa nini famasia usijibu "napenda kusaidia watu", hata zimamoto wanasaidia watu.

ini_na_figo:
Mnamtisha mtoto wa watu bure. Kukariri sio dhambi, anatomia utaikariri upende usipende. Na baiolojia asiiache kisa anaiweza, hapo ndo pa kujiongezea maksi. Afuatilie kidonge kimoja tu, kikimezwa kinapita wapi, ini linakifanya nini, figo zinakitoaje. Dawa ikipungua nusu kila saa 6, baada ya saa 24 imebaki moja ya 16, hapo unaona kwa nini nyingine unameza mara nne na nyingine mara moja kwa siku.

dozi_kamili:
@ini_na_figo hapo kwenye kidonge umesema kweli, lakini hiyo moja ya 16 si ni hesabu jamani? Umerudi upande wetu bila kujua 😂

Dogo chukua hili. Una ethanoli ya 96%, unataka ml 500 za 70%. Niambie unafanyaje.

kidonge_kimoja:
70 × 500 ÷ 96 = 364.58, kwa hiyo napima ethanoli ml 365 naongeza maji ml 135. Nimeirudia mara tatu nipo vizuri 😎

dozi_kamili:
Hesabu safi, maabara umefeli. Ethanoli na maji vikichanganywa ujazo unasinyaa, 365 na 135 haifiki 500. Unapima hizo 365 kwenye chombo cha kupimia, unaongeza maji ukikaribia mstari wa 500 unasimama, maana itapata joto kidogo, ikipoa ndo unamalizia mpaka mstarini. Kwa nini unasinyaa sikuambii, jibu lipo kwenye ile kemia uliyopita kwa kukariri.

kidonge_kimoja:
Daah. Daftari la dawa nimempa mdogo wangu achoree. Narudi kesho na jibu.