Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kupiga wimbo wa "Smoke on the Water" (Moshi Juu ya Maji) kwenye gitaa?

Nyuzi Sita: Wakuu, jana nimepita mtaani nikasikia kijana anajifunza kile kipande cha mwanzo cha wimbo huo wa bendi ya roki ya Deep Purple, nikasimama palepale. Waliopitia huko, mlianzaje na mlikwama wapi?

Kibao Kata: Kila mpiga gitaa kaanzia hapo, aisee.

Mzee wa Santuri: Kwanza vijana wajue wanapiga nini. Tarehe 4 Desemba 1971, mjini Montreux, Uswisi, mwanamuziki Frank Zappa na kundi lake walikuwa wanatumbuiza kwenye kasino. Mtu ukumbini akafyatua bastola ya fataki kuelekea darini, jengo zima likateketea. Deep Purple walikuwa wamekwenda kurekodi albamu humohumo, na studio ya kwenye lori wameshaikodi kwa bendi ya Rolling Stones. Moshi wakauona unatanda juu ya Ziwa Geneva, ndiyo asili ya jina la wimbo. Yule Claude anayetajwa kwenye wimbo ni Claude Nobs, mwandaaji wa tamasha la jazi la Montreux, aliyesaidia kuwatoa watu. Ukiujua mkasa huo, huwezi kuuimba kama wimbo wa kuchangamsha baa.

Nyuzi Sita: Asante sana mzee wangu.

Dogo Solo: Kipande chepesi. Shika pawakodi (noti mbili zinazopigwa pamoja), kamata piki (kile kibapa cha kupigia nyuzi), gonga kwa nguvu.

Kibao Kata: Hapana, dogo. Ritchie Blackmore, mpiga gitaa aliyerekodi wimbo huo, anapiga uzi wa nne na wa tatu kwa pamoja, anazidonoa kwa vidole. Piki inaugonga mmoja kabla ya mwingine, ule mlio wa pamoja unapotea. Anzia nyuzi wazi (bila kuzibana), nenda freti ya tatu (vile vyuma vya shingoni mwa gitaa), kisha ya tano.

Dogo Solo: Mkuu, bendi yetu tunapiga kwa piki na watu wanacheza.

Kibao Kata: Kucheza watacheza. Mimi nasema mlio.

Mpwani wa Gitaa: Ngojeni niwape yangu. Tulialikwa hoteli moja ya ufukweni, Mombasa. Tumefika ubeti wa pili, stima ikapotea. Ikarudi kwa kishindo, taa zote zikawaka nyeupe. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, kugeuka, amplifaya yangu inatoa moshi kwenye matundu ya nyuma! Wageni wakapiga makofi na kushangilia, wakidhani ni sehemu ya shoo. Mpiga ngoma hakuacha. Nikachomoa waya kwenye soketi huku mkono unatetemeka. Transfoma imekwisha, na hoteli ikakataa kulipa hata shilingi. Amplifaya ile niliiwekea akiba mwaka mzima.

Kibao Kata: Duh! Pole sana ndugu yangu.

Dogo Solo: Moshi kwenye wimbo wa moshi! Mlimaliza?

Mpwani wa Gitaa: Kinanda kilibeba kipande changu mpaka mwisho. Nunueni stabilaiza (kifaa cha kutuliza umeme) jamani, hata kabla ya gitaa la pili.

Fundi Spika: Stabilaiza haitoshi kama soketi haina waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini). Pima kwanza.

Mama Kinanda: Na kinanda msikisahau. Jon Lord, mpiga kinanda wa Deep Purple, aliipitisha Hammond (aina ya kinanda cha umeme) kwenye amplifaya ya Marshall ndiyo maana inakwaruza vile. Ukipiga kwa sauti safi ya kanisani, wimbo unalala.

Besi Nzito: Sisi wa besi tatizo letu ni subira. Gitaa linaanza peke yake, kinanda na hayihati (matoazi mawili ya mpiga ngoma) vinafuata, halafu ngoma nzima, besi ndiyo ya mwisho. Ukiwahi kuingia umeua utamu wote.

Dogo Solo: Mkuu Kibao Kata, nimejaribu vidole sasa hivi. Uzi wa tatu unanilia kuliko wa nne, nifanyeje?

Kibao Kata: Donoa wa nne kwa dole gumba, wa tatu kwa shahada, kwa nguvu sawa. Anza polepole bila amplifaya.